Viziwi wetu wana lugha, sisi ndio tusioijua

Miaka michache iliyopita nilialikwa nikahi katika mtaa mmoja wa hapa Malindi. Watu walijaa barazani mpaka njiani, mahari yamekwisha kutajwa, kahawa inazunguka na halua inangojewa. Kabla ya kufungisha, shekhe alituma watu wawili waingie ndani wamwulize biarusi kama ameridhia. Mmoja wa watu hao nilikuwa mimi. Tulisimama nyuma ya pazia, mwenzangu akauliza kwa sauti, tukangoja. Kimya. Akauliza mara ya pili. Kimya. Kina mama waliokuwamo wakacheka na kupiga vigelegele, nasi tukarudi barazani tukasema, "Kanyamaza." Shekhe akatosheka, kwani tulivyofunzwa ni kwamba mwanamwali akiulizwa naye akanyamaza kwa haya, kimya chake ndiyo idhini yake. Nikahi ikafungwa, tukala halua, tukaenda zetu.

Msomaji, binti yule ni kiziwi. Hasikii tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo, hata kusema hajaanza. Shekhe alitoka mji mwingine, hakujua. Lakini mimi nilijua, na mwenzangu alijua. Tulimwuliza kwa mdomo mtu asiyesikia, tena nyuma ya pazia ambapo hata midomo yetu hakuiona, kisha tukakichukua kimya chake tukakifanya jawabu.

Haukupita muda mambo yakaharibika, binti akarudi kwao. Ndipo alipokuja mwenzake mmoja waliyesoma pamoja shule ya viziwi, akafuatana na dadake anayesikia na anayezijua ishara, tukaketi na wazee kusikiliza. Binti akaeleza kwa mikono, yule dada akafasiri. Alijua kwamba anaolewa, hilo hakulikana. Lakini hakuna aliyemfahamisha kuwa bwana ana mke mwingine, wala kuwa yeye atahamishwa mbali na mamake. Alipomaliza akanigeukia mimi, mikono ikaenda upesi, na yule dada akasema kwa niaba yake: "Siku ile uliniuliza nini?"

Sikuwa na jawabu. Mambo ya nyumba ile yalitengenezwa baadaye kwa wema, na si yangu kuyaeleza gazetini. Lakini swali lile limenikaa moyoni, na ndilo lililonitia kuandika haya.

IŠARA ZETU ZA KILA SIKU

Sisi watu wa pwani tusijifanye wageni wa ishara. Keti barazani jioni moja tu utazame. Huyu anabetua mdomo, na mwenziwe keshajua nani anayesemwa. Yule anapandisha bega, maana yake hayamhusu. Mama anamkazia mwanawe macho mbele ya wageni, na mtoto anarudisha mkono kwenye sahani bila ya neno kutoka. Mvuvi aliye mbali na pwani humpungia mwenziwe wa chombo cha pili, sauti isingefika, lakini mkono umefika.

Marehemu Sheikh Yahya Ali Omar, mwanachuoni wa Mombasa, aliliona jambo hili kuwa ni la elimu wala si la mchezo. Mwaka 1985, yeye pamoja na Bibi Carol Eastman wa Marekani walichapisha makala juu ya ishara za Waswahili katika jarida la Chuo Kikuu cha London, wakazigawa katika vielezi na viingizi, kama vile mtu anavyogawa maneno ya sarufi.

Walakini ishara hizi zetu ni achari juu ya wali. Wali wenyewe ni maneno ya mdomo. Ukiuondoa wali, achari peke yake haimshibishi mtu. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea: tunamwona kiziwi akitikisa mikono, tukadhani naye anakula achari tupu.

Chuoni kwetu, nilipokuwa mdogo, alikuwapo kijana mmoja tukimwita Bubu, kana kwamba mamake hakumpa jina. Maalim wetu alikuwa mpole kwake, akimwacha akae karibu na kizingiti. Sisi tukikariri alifu kwa sauti, yeye alitutazama midomo na kutikisa mwili kama sisi. Siku moja alichukua ubao akaandika harufi zote tangu alifu mpaka ye bila ya kosa, kwani jicho lake lilikuwa limekwisha kuhifadhi. Maalim akamsifu sana, kisha asijue amfanyeje zaidi ya hapo. Baada ya mwaka kijana akaacha chuo, akashika bahari.

Huko baharini wenziwe walibuni naye ishara: ya changu na ya kolekole, ya kusi na ya kaskazi, ya kuvuta jarife na ya kutweka tanga. Watu wanne watano wa chombo kimoja walielewana naye barabara. Lakini akishuka nchi kavu alikuwa mgeni katika mji wake. Ishara zile zilitosha kazi, hazikutosha kumweleza nini maana ya saumu, wala kumpa habari ya baba yake aliyefariki akiwa safarini. Ishara za namna ile hubuniwa kila mahali anapokulia kiziwi peke yake kati ya watu wanaosikia. Ni mwanzo wa lugha, si lugha iliyokamilika.

LUGHA KAMILI

Sasa tuitazame lugha yenyewe. Viziwi wa nchi yetu wana Lugha ya Ishara ya Kenya, nayo ni lugha kama ilivyo Kiswahili, ina maneno yake na sarufi yake. Neno la mdomo hujengwa kwa sauti. Neno la ishara hujengwa kwa umbo la kiganja, mahali kinapowekwa, upande kinakoelekea, na mwendo wake. Badilisha kimoja tu katika hivyo na neno limekuwa jingine, kama vile sisi tunavyobadilisha sauti moja tukatoka kwenye "paka" tukaingia kwenye "taka".

Uso nao hufanya kazi. Sisi huuliza kwa kupandisha sauti. Kiziwi huuliza kwa nyusi na macho. Ishara zile zile, uso ukibadilika, zilizokuwa habari zimekuwa swali. Na tazama tendo la "kupa". Mkono ukitoka kwangu kwenda kwako, mimi ndiye niliyekupa. Ukitoka kwako kuja kwangu, wewe ndiwe uliyenipa. Yale tunayoyafanya katika Kiswahili kwa "ni" na "ku" na "wa" ndani ya kitenzi, wao huyafanya kwa njia ya mkono hewani. Ni sarufi hiyo, wala si kutapatapa.

Kwa majina ya watu na ya miji ambayo hayana ishara, wana herufi za vidole, mkono mmoja ukitosha kuandika neno zima hewani. Lakini mtu wanayemzoea hawamwandiki hivyo kila mara. Humpa jina la ishara kutokana na umbo lake au tabia yake, pengine kovu la shavuni au mazoea ya kushika kofia. Sisi tulio na desturi ya lakabu hatuna haja ya kuelezwa zaidi.

Wengi hudhani kuwa ishara ni moja ulimwengu mzima. La hasha. Viziwi wa Tanzania wana yao, wenyewe wakiiita lugha ya alama. Waingereza na Wamarekani husema Kiingereza wote, lakini viziwi wao hawaelewani kwa ishara. Ya Marekani ina nasaba na ya Ufaransa, kwa sababu mwalimu wa shule ya kwanza ya kudumu ya viziwi huko, iliyofunguliwa Hartford mwaka 1817, alikuwa Laurent Clerc, kiziwi aliyesoma na kusomesha Paris. Lugha hizi husafiri na watu na kuzaa, kama zifanyavyo lugha zote.

Hata hivyo, ilikuwa mpaka mwaka 1960 ndipo mtaalamu mmoja wa Marekani, William Stokoe, alipozichambua ishara za viziwi wa huko na kuonyesha kuwa zina mpango wa lugha halisi. Kabla ya hapo hata walimu waliokaa na viziwi miaka mingi waliziona kuwa ni maigizo tu.

MIKONO ILIPOFUNGWA

Kutoelewa huko kuliwagharimu viziwi mno. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wakapitisha kwamba ishara ziondolewe mashuleni na watoto wafundishwe kusoma midomo na kutoa sauti tu. Aghalabu ya waliopiga kura walikuwa watu wanaosikia. Katika nchi nyingi watoto walifungwa mikono au wakaamrishwa waikalie. Ilichukua miaka 130 mpaka mkutano wa jamii ile ile, uliofanyika Vancouver, Kanada, mwezi wa Julai mwaka 2010, ukaukataa uamuzi wa Milan na kuwasikitikia waliodhulumiwa.

Upepo wa Milan ulitufikia na sisi. Shule za mwanzo za viziwi Kenya, kama Nyang'oma na Mumias, zilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960, na njia iliyofuatwa ilikuwa ni ya mdomo. Lakini mwanadamu hazuiwi kusema. Darasani watoto walihangaika na midomo. Wakirudi mabwenini walizungumza kwa mikono mpaka taa kuzimwa. Wakubwa waliwafunza wadogo, nao waliporudi makwao na kuhamia shule nyingine walizichukua ishara zao. Hivyo ndivyo lugha ilivyokua na kuenea. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wizara ya elimu ikaziruhusu ishara darasani, na mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza mradi wa kuichunguza lugha hii.

Jambo la kutia moyo ni kwamba lugha hii haikugawanyika kwa makabila. Hapa kwetu ipo Shule ya Viziwi ya Kibarani, mjini Kilifi, na Mombasa kuna ile ya Ziwani. Mtoto wa Kigiriama, wa Kibajuni na wa Kiluo wakikutana hutumia ishara zile zile. Tena mwanafunzi kiziwi huisoma Lugha ya Ishara kama somo na kuifanyia mtihani badala ya Kiswahili. Sisi tunaojigamba kuwa Kiswahili ndicho kilichowaunganisha Wakenya tuone kuwa kuna lugha nyingine imefanya kazi hiyo kimya kimya.

Na sheria ya nchi imekwisha kusema. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 imelipa taifa wajibu wa kuikuza Lugha ya Ishara ya Kenya, imeifanya moja ya lugha tatu rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza, na imempa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara. Kabla ya hapo, sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2003 ilivitaka vituo vya televisheni viweke mfasiri wa ishara au maandishi katika taarifa za habari. Yule mtu mdogo tunayemwona pembeni mwa kioo wakati wa habari hakuwekwa kwa pambo. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha Wakenya zaidi ya 153,000 wenye umri wa miaka mitano na kuendelea ambao wana taabu ya kusikia.

Baadhi yao walizaliwa hivyo. Wengine, kama binti yule, walipokonywa masikio na maradhi. Tangu mwaka 2001 na mwaka 2011 watoto wa Kenya wamekuwa wakipewa chanjo mpya dhidi ya vijidudu vinavyoleta homa ya uti wa mgongo, na waganga watafiti wa hapa Kilifi wameshuhudia maradhi hayo yakipungua. Alhamdulillahi. Lakini waliokwisha kupoteza kusikia tunao, nao ni wana wetu.

DINI HAIKUWASAHAU

Hapa sasa nataka kusema na ndugu zangu Waislamu khasa, kwa sababu naona Bunge limetutangulia katika jambo ambalo sisi tulipaswa kuwa mbele.

Tunasoma katika Surat Aali Imran kwamba Nabii Zakariya alipewa alama ya kutosema na watu siku tatu ila kwa ishara, na katika Surat Maryam kwamba alitoka mihirabuni akawaashiria watu wake wamsabihi Mola asubuhi na jioni. Katika sura hiyo hiyo Bibi Maryam, aliyeweka nadhiri ya kutosema, alimwashiria mtoto mchanga, na ishara yake ikawa jawabu kwa wale waliomsuta. Ujumbe mzito namna hiyo ulipita katika mkono.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipotaka kuwafahamisha Masahaba kuwa mwezi huenda ukawa siku 29, alionyesha vidole vyake kumi mara tatu, na mara ya tatu akakunja dole gumba. Kila mwaka tunapogombana juu ya mwezi kuandama tunaitaja hadithi hii, wala hatufikiri kuwa kiziwi angeliifahamu papo hapo bila ya mfasiri. Alipoeleza jinsi atakavyokuwa karibu na mlezi wa yatima Peponi, alitumia vidole viwili. Na Imamu Bukhari, katika kitabu cha talaka cha Sahihi yake, ameweka mlango mzima wa ishara katika talaka na mambo mengine.

Mafakihi nao walilishika. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaj, kitabu kinachojulikana na kila mwenye kusoma fikihi ya Kishafii pwani hii, kwamba ishara ya bubu huzingatiwa katika mikataba na katika kuivunja. Akapambanua zaidi katika talaka: ikiwa ishara yake hufahamiwa na kila mtu, basi huhesabiwa kama neno la wazi, ikiwa hufahamiwa na werevu peke yao, basi huhesabiwa kama neno la kinaya. Na sheria za dola ya Othmania zilizokusanywa katika Majalla, kati ya mwaka 1869 na 1876, zimeweka kanuni katika kifungu cha 70 kwamba ishara zijulikanazo za bubu ni sawa na maelezo ya ulimi. Huko huko Istanbul, tangu karne ya 16, viziwi walitumika katika kasri la masultani, na ishara zao zikajifunzwa na wakubwa wa kasri kwa kuwa haikuwa adabu kupiga kelele mbele ya sultani.

Basi turudi nyuma ya lile pazia. Kimya cha mwanamwali huwa idhini kwa sababu ameulizwa, akafahamu, naye angeweza kukataa kama angalitaka. Haya ndiyo iliyomzuia kusema, si kutojua. Kimya cha asiyeulizwa hakina haya ndani yake wala ridhaa. Ni kimya cha ukuta. Tena yule binti hakuwa hana ulimi. Ulimi alikuwa nao, mikononi mwake, na ulikuwa tayari kujibu. Waliokosa ulimi siku ile ni mimi na mwenzangu. Naona tumemwita kiziwi "bubu" miaka yote hii, na ubabaishaji wa kusema ulikuwa wetu.

Watakuja watu waseme, "Mbona unalikuza jambo? Kiziwi amesamehewa." Amesamehewa nini? Kiziwi mwenye akili na mwenye macho yake hakuvuliwa Uislamu. Sala iko juu yake, saumu iko juu yake, na urithi anao. Namna ya kisomo chake katika sala mashekhe wameieleza, nami si mtu wa kutoa fatwa. Ninalolisema ni jepesi zaidi: wajibu wa kujifunza ukiwa juu yake, basi wajibu wa kumfundisha utakuwa juu ya nani? Mtoto kiziwi wa Kiislamu leo hurudi kutoka shuleni anajua hesabu na jiografia, akafika nyumbani akaona watu wanainama na kusujudu, asiambiwe na mtu kwa lugha yake kwa nini wanafanya hivyo. Wazazi humvuta mkono akawafuate. Huiga, kama alivyoiga yule mwenzetu wa ubaoni. Je, tumeridhika awe Mwislamu wa kuiga mpaka aingie kaburini?

MJI UNAOSEMA KWA MIKONO

Nawapa mfano wa Waislamu wenzetu. Katika jangwa la Naqab kuna kabila la Waarabu wa Al-Sayyid, uzao wa mtu aliyetoka Misri kiasi cha miaka 200 iliyopita. Kwa sababu ya kuoana ndugu kwa ndugu, tangu miaka ya 1930 walianza kuzaliwa watoto viziwi, wakafika kiasi cha watu 150 katika jamaa ya watu 3,500. Hawakuwaficha ndani. Lugha ya ishara ikazuka hapo hapo, haikuletwa na mwalimu wala serikali, na wanaosikia pia wakaitumia: mama na mwanawe, jirani na jirani, mwenye duka na mnunuzi. Wataalamu walioandika habari zao mwaka 2005 waliikuta lugha hiyo ina mpango wake wa sarufi uliojijenga wenyewe. Kiziwi wa huko huoa asikiaye, na maisha yakaendelea.

Sisi hatutakiwi hata kubuni. Lugha imekwisha kuwapo, walimu wake wapo Kibarani na Ziwani, na vijana waliohitimu wamo mitaani mwetu, Malindi, Mambrui, Watamu na Takaungu, wengi wakikaa bila kazi. Kinachotakiwa ni nia.

Kwanza ni nikahi. Naomba makadhi na mashekhe wanaofungisha waweke desturi ya kuuliza mapema kama mmoja wa maarusi ni kiziwi. Akiwa ni biarusi, na aingie ndani mwanamke mwaminifu anayejua ishara, aketi mbele yake penye mwanga, amfahamishe jina la bwana, mahari yake, kama ana mke mwingine na wapi atakaa, kisha alete jawabu mbele ya mashahidi. Wala asiwe mamake au shangazi yake, kwani wao wana shauku na arusi ile, na mwenye shauku hafasiri, husukuma. Na jambo la mirathi na talaka katika mahakama ya kadhi lifuate njia hiyo hiyo.

Pili ni chuo. Hatuwezi kukifanya kila chuo kiwe cha viziwi, lakini Malindi nzima haiwezi kushindwa kupata maustadhi wawili, mwanamume na mwanamke, wakajifunza lugha hii na kuwakusanya watoto hao siku za Jumamosi na Jumapili au wakati wa likizo, shule za bweni zinapofunga. Bora zaidi, tumchukue kiziwi aliyesoma tumfundishe dini, naye awafundishe wenziwe. Hakuna mwalimu wa lugha anayempita mwenye lugha.

Tatu ni mimbari. Hotuba ya Ijumaa katika Msikiti Mtukufu wa Makka hufasiriwa kwa ishara. Ikiwa limefaa huko, sioni la kutuzuia kuweka mfasiri katika msikiti mmoja wa Ijumaa hapa na mmoja Kilifi, penye kuonekana, viziwi wakajua wapi pa kwenda siku hiyo. Kwa sasa wanakaa mbele ya khatibu nusu saa wakitazama kofia yake.

Na la mwisho ni letu sisi majirani, halina gharama. Tujifunze hata salamu. Tuache kumwita mtu kwa ulemavu wake. Ukitaka kumwita kiziwi mpungie mkono au mguse begani taratibu, usimpigie kelele, hazitamfikia. Unaposema naye mtazame usoni, maana kumgeuzia uso pembeni ni sawa na kumziba masikio asikiaye.

Mimi mwenyewe nimeanza na uzee wangu huu. Yule dada aliyefasiri siku ile hunifundisha mara moja kwa juma, barazani kwetu, vidole vyangu vigumu na wajukuu wakinicheka. Nina ishara kama hamsini. Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani kwa yule binti, nikasimama mbele yake, si nyuma ya pazia, nikamwambia kwa mikono yangu: siku ile sikukuuliza, nisamehe. Alinitazama kidogo, akaushika mkono wangu akaurekebisha, kwani ishara ya kusamehe nilikuwa nimeikosea. Kisha akanijibu. Na mara hii nilifahamu alichosema.